Mkono Niliopima Ulikuwa Wangu

Jumatano, 12 Novemba. Riyadh

Sikumpima yule msichana. Nilijipima mwenyewe.

Sijamwambia mtu. Si Baba, si Mama. Jambo hili naliandika hapa tu, na kama kuna jicho jingine litakalofika kwenye ukurasa huu, naomba neno hili lisitoke.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa napiga msasa kitako cha bunduki ya mteja mmoja, kazi ninayoifanya kila siku tangu nimalize shule, nikisubiri chuo. Baba ni fundi wa bunduki za kuwindia. Zamani, nyumbani Tanzania, alitengeneza bunduki za wageni wa kampuni moja ya uwindaji. Mgeni mmoja akaipenda kazi yake, akamleta huku. Mgeni huyo sasa ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, na ndiye mwenye duka. Tunamwita bosi.

Nyuma ya duka kuna chumba cha wanawake. Baba haingii humo. Mwanamume hawezi kumshika mkono binti wa watu wala kumwekea bunduki begani. Kwa hiyo napima mimi. Nafungua mlango kidogo, nataja namba, Baba anaandika upande wa pili.

Leo alikuja Lamis. Miaka kumi na minne. Ametoka Jeddah na wazazi wake. Baba aliwapangia bunduki tatu mezani, akapendekeza ile nyepesi ya kitako cha plastiki kinachoongezwa kadiri mtoto anavyokua. Baba yake Lamis hakuitazama hata mara mbili. Amekuja na yake, iliyoachwa na marehemu babu yake Lamis. Mbao ya kahawia iliyoiva, ina mistari kama asali iliyomwagika. Anataka binti aende nayo kwenye mawindo ya mwisho wa mwaka. Ni nzuri kweli. Ni ndefu kwa mtoto. Baba akasema kwa heshima kwamba basi kitako kikatwe. Yule bwana akakubali shingo upande. Punguza, lakini kidogo. Mtoto ataikulia.

Nikaingia na utepe. Kipimo chenyewe si kigumu. Mtu akunje mkono kama amebeba sinia, unapima kutoka ndani ya kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole kinachofyatua. Mkono uwe wazi. Lamis alivaa abaya pana yenye mikono kama mabawa. Ananukia udi. Mama yake alikaa kwenye kochi akinitazama. Mimi mikono inanuka mafuta ya bunduki, vumbi la mbao limejaa kuchani. Nilitakiwa kusema tu: samahani, pandisha mkono wa nguo. Kiarabu chake nakijua. Hakikutoka.

Niliona kama tunalingana urefu. Nikageukia ukutani, nikajipima haraka.

"Thelathini na nne," nikasema mlangoni.

"Una hakika?" akauliza Baba.

"Nina hakika, Baba."

Naichukia haya yangu. Naichukia kabisa.

Alhamisi, 13 Novemba

Baba amekata. Kitako kilikuwa sentimita thelathini na tano na nusu, ametoa moja na nusu.

Kabla hajaanza alikunywa chai. Msumeno ulikuwa umelala mezani, bunduki imefungwa vizuri kwenye jiliwa. Nilikuwa na muda wa kikombe kizima. Na mimi nikanywa chai yangu yote, nikaosha vikombe, nikavifuta, nikavifuta tena.

Kipande kilichokatwa hakukitupa. Amekifunga kwenye gazeti. "Mbao ya mtu ni yake," alisema.

Jumapili, 16 Novemba

Viatu.

Siku ile Lamis alivaa viatu vya soli nene. Nimekumbuka leo nikikuna nazi. Hatulingani hata kidogo.

Jumanne, 18 Novemba

Bunduki imekwenda Jeddah. Sijalala vizuri. Mama ametoka zamu hospitali, amenishika paji la uso, akasema sina homa, nina uvivu. Nikacheka ili aondoke.

Kila ninachosubiri hakiji. Barua ya chuo haiji. Ujasiri hauji. Wenzangu wa shule wanatuma picha za mabweni. Mimi natuma vidole gumba.

Jumatano, 26 Novemba

Imetokea.

Bosi alikuja karakana na simu mkononi. Lamis amepiga shabaha mara mbili kwenye kiwanja cha Jeddah. Kitako hakikai begani, kinateleza hadi kwenye mkono. Bunduki inapiga teke, teke linaishia kwenye mfupa. Ana alama.

"Fundi, vipi?" bosi akamwambia Baba. "Wewe kipimo chako hakikosei."

Baba akanigeukia. "Ulipima thelathini na nne?"

"Ndiyo, Baba."

Na ni kweli. Nilipima thelathini na nne. Ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikulazimika hata kudanganya.

Bosi amesema baba yake Lamis hana wasiwasi. Anasema azoee, ataikulia. Neno hili nimelichoka. Gauni unalikulia. Kiatu unakijaza pamba. Bunduki haimsubiri mtu. Ikiwa ndefu, mtoto ananyoosha shingo kuifuata, shavu linainuka, jicho halioni sawasawa, na kabla hajafyatua ameshafumba macho kwa sababu anajua kinachokuja. Baba amenifundisha haya yote. Bunduki ndiyo imfuate mtu. Nayajua kwa moyo na sikuyasema mbele ya mtu yeyote.

Nimejifungia bafuni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Baba, nilikosea. Kwenye kioo natamka vizuri sana.

Ijumaa, 28 Novemba

Baba amelaza rula tatu sambamba juu ya meza ya chakula. Anataka kujua ipi inadanganya.

Hakuna inayodanganya.

Jumamosi, 29 Novemba

Amenunua miwani.

Sikuweza kula. Amekaa nayo kwenye kochi, anasoma maandishi ya nyuma ya boksi la dawa, anasogeza karibu, anasogeza mbali. "Sasa naona," anasema, lakini anasema kama mtu aliyeshindwa kesi. Mama akamtania kwamba amekuwa mwalimu mkuu. Hakucheka.

Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia Mama labda macho yameisha. Fundi wa macho mabovu atamkata mtu siku moja. Labda mkataba ukiisha turudi tu nyumbani.

Baba aliweza kuona ufa kwenye mbao kabla mbao yenyewe haijajua. Na sasa anayashuku macho yake kwa sababu mimi sikuweza kusema "pandisha mkono wa nguo."

Nilifika hadi mlango wa jikoni. Nikaomba maji.

Jumanne, 2 Desemba

Lamis amekataa kupiga. Baba yake amemwita mwoga mbele ya binamu zake. Binamu wote wanakwenda mawindoni. Baba yake amesema Jumamosi hii ndiyo nafasi ya mwisho. Asipopiga shabaha mbele yake atabaki nyumbani, na bunduki ya babu atapewa mwingine. Bosi ndiye aliyesimulia, na alikuwa anacheka kidogo. Nilitaka kumrushia boksi la misumari.

Si mwoga. Anaumia. Mtu mmoja tu duniani anajua kwa nini, na mtu huyo anapiga msasa.

Bosi anampeleka Baba Jeddah keshokutwa akakirekebishe kitako katika tawi la huko. Mimi nimeambiwa niende nikapime upya.

Alhamisi, 4 Desemba. Jeddah

Tumefika kwa ndege ya asubuhi. Tumefikia mtaa wa Karantina, kwa jamaa wa Mama. Joto la huku limelowa, nguo inakushika kama mtoto.

Dereva wa bosi akatupeleka Al-Hamra, nyumbani kwa kina Lamis. Baba akabaki garini nje ya geti. Nikafunguliwa na dada mmoja Mkenya anayefanya kazi mle ndani, anaitwa Mwende. Aliposikia nikisema "hodi" akanishika mkono kama nimepotea na nimepatikana.

"Kumbe ni Mswahili! Ingia, ingia. Ni wewe ulipima huyu mtoto?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Haki mlimweza. Mkono uko hivi," akaonyesha sehemu ya juu, chini kidogo ya bega, "rangi ya embe imeoza. Na halii mbele ya watu. Hulia kwa choo, anafungua maji ndio mamake asisikie. Mimi ndio humpaka dawa."

Akaniwekea juisi. Nikaiangalia. Madam, mama yake Lamis, akatokea, akasema Lamis hataki kushuka leo, nije kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nikasema sawa, madam. Ningeweza kusema: mwambie namhitaji dakika mbili, kosa ni langu. Nikasema sawa, madam.

"Wewe nawe," Mwende akaninong'oneza getini, "unaongea kama simu haina chaji."

Baba akauliza garini, "Umempata?"

"Kesho."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Njia nzima nilitazama dirishani. Nina hasira hadi meno yanauma. Hasira zote ni za mtu mmoja, na niko naye kila mahali.

Ijumaa, 5 Desemba. Jeddah

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Lamis alishuka. Hakuvaa abaya. Alivaa fulana ya mikono mifupi, na alama ilikuwa pale pale alipoionyesha Mwende, ya zambarau, kingo zake zimeanza kuwa za kijani. Ni mdogo. Bila vile viatu ananifikia kidevuni. Madam alikuwa chumba cha pili kwenye simu. Mwende alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nikatoa utepe. Nikasema, "Samahani, kunja mkono, kama umebeba sinia."

Hakukunja. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Leo utanipima mimi?"

Nikauzungusha utepe kidoleni.

"Siku ile ulijipima mwenyewe," akasema. "Nilikuona. Uligeukia ukutani."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe?"

Kumbe chumba kile kilikuwa na watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Yeye aliona aibu kunisahihisha mbele ya mama yake, mimi niliona aibu kumgusa, na bunduki ikakatwa katikati yetu. Kisha akapigwa nayo mara nne, mara tano, akanyamaza.

Nikamwambia nisamehe. Nilidhani nitalia, sikulia. Akakunja mkono.

Thelathini na moja.

Nikapima tena. Thelathini na moja. Nikampa utepe asome mwenyewe, akasoma kwa sauti. Sentimita tatu! Upana wa vidole viwili vyangu.

Madam akaingia, akauliza kama namba ni ile ile. Hapo ndipo ningeweza kusema amenywea, amekonda, utepe ulikunjika. Nikasema, "Hapana, madam. Siku ile sikumpima vizuri. Kosa ni langu, si la Baba." Nilisema chinichini hadi neno la mwisho halikusikika, ikabidi nilirudie. Kulirudia ndiko kulikuwa kubaya kuliko yote.

Akasema, "Wewe una miaka mingapi?" Nikasema kumi na nane. Akasukuma sahani ya tende upande wangu.

"Yalla, kula," akasema Mwende, "kabla hujaanguka hapa nianze kukubeba."

Kisha garini. Dereva alikuwa ameshuka kununua maji. Nikamwambia Baba yote kwa mkupuo, nikitazama kiti cha mbele. Ukuta, utepe, thelathini na nne, mkono wangu.

Halafu akasema, "Kwa hiyo macho yangu mazima."

"Mazima, Baba."

"Rula zangu?"

"Nzima."

Akavua miwani, akaigeuza mkononi. "Na hii sasa nimvishe nani?"

Sikujua kama nicheke. Hakuwa anacheka. Aligeukia dirisha lake, na hadi Karantina hakusema nami tena. Nilistahili. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 6 Desemba. Jeddah

Saa moja asubuhi Baba alinigongea mlango. "Amka. Msumeno leo utanishikia wewe." Basi. Hiyo ndiyo hotuba yote.

Kwenye karakana ya tawi aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Kule kaskazini kwenye mawindo ni baridi ya kugandisha maji. Atavaa nini? Nikampigia Lamis. Akanitumia picha ya farwa yake, lile joho zito lenye manyoya ndani. Baba akasema joho hilo linakula sentimita nzima begani. Kwa hiyo tukate hadi thelathini. Kama angenitegemea mimi tu, ningekosea mara ya pili.

Nilishika ncha ya kitako huku akikata. Kipande kilipoachia kiliniangukia kiganjani, kina joto. Akakipasua vipande vyembamba vitatu. Kiasi kilichobaki kililiwa na msumeno. Akavitoboa matundu ya skrubu mahali pamoja, nami nikavipiga msasa hadi mistari ya asali ikarudi. Kimoja kitarudishwa farwa ikivuliwa. Vingine viwili vitarudi kadiri atakavyokua, kimoja kwanza, kisha kingine. Nyuma ya kila kimoja Baba akaandika namba kwa penseli, akavitia kwenye mfuko. Kile kipande cha kwanza, cha Novemba, alikuwa amekuja nacho kutoka Riyadh ndani ya gazeti lake. Akakitia kwenye mfuko huo huo.

Baba yake Lamis alipokuja aliona bunduki ya mzee wake imekuwa fupi, uso ukabadilika. Baba akampa mfuko. Akavitoa vile vipande kimoja kimoja, akaviweka nyuma ya kitako kwa mpangilio, mstari ukaungana na mstari. Akavishika hivyo muda. "Halas," akasema, yaani basi, imekwisha. Lakini polepole.

Kiwanjani niliruhusiwa kusimama na Lamis. Baba alikifunga kipande kimoja, maana hakuvaa farwa, nami nikamwekea kitako begani mwenyewe. Mikono yangu ilinuka mafuta na sikujali. Shavu likalala kwenye mbao bila kutafuta mahali. Risasi ya kwanza ilipita pembeni, alikuwa bado anafumba macho. Nikamwambia, hii haitakupiga, nimekupima. Ya pili ikagusa ukingo. Ya tatu na ya nne zikaingia karibu karibu kama vitobo vya sindano. Akageuka kunitazama mimi kwanza, kabla ya baba yake.

Jioni nilimwandikia bosi ujumbe. Niliuandika mara saba. Kwamba kosa lilikuwa langu na si la Baba, na kama ni adhabu iwe yangu. Nikatuma, nikaweka simu chini ya mto, nikakaa juu ya mto.

Jibu: "Halas. Jumatatu mje mapema, kuna mzigo."

Wiki tatu na nusu za kutokula! Kwa jibu hilo!

Jumanne, 9 Desemba. Riyadh

Baba ananisemesha kama kawaida, karibu. Leo mteja wa kike alikuwa chumbani. Nikafungua mlango, nikataja namba.

"Ya nani?" akauliza Baba kutoka upande wa pili.

"Ya mteja, Baba."

Nikasikia penseli ikiandika. Nadhani alikuwa anatabasamu. Sina hakika, na sipendi kutaja nisichopima.

Ijumaa, 2 Januari. Riyadh

Baridi. Mama ameweka hita chini ya meza, tumekaa watatu tumejiinamia kama kuku. Baba anasoma gazeti kwa ile miwani. Anasema haina kazi karakana, lakini habari zinaonekana vizuri, hasa mbaya.

Nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa Lamis. Nilikwenda kuusikiliza chumbani, kisha nikarudi.

"Vipi bunduki?" Baba akauliza bila kuinua kichwa.

"Imemkaa. Bega halina alama."

"Na mnyama?"

"Swala alikimbia."

Baba akafunua ukurasa. "Basi vizuri," akasema, na hakuuliza zaidi.

Siri yangu imekwisha. Baba anaijua, madam anaijua, bosi anaijua, Mama aliijua mwisho na alicheka vibaya kuliko wote. Anayetaka kuisoma na aisome.

Ila hii ya leo si yangu. Lamis anasema swala alisimama ubavu, karibu sana, hadi aliona sikio likicheza. Hakufumba macho. Juu ya mgongo wa swala, mbali nyuma, kwenye mlima, kulikuwa na jiwe jeupe dogo kama yai. Akalilenga jiwe. Akalipata. Swala akaondoka, baba yake akampiga bega akasema usijali, wote hukosa mara ya kwanza.

Hakukosa. Risasi ilikwenda pale pale alipotaka.

Hili nakuomba sana. Usimwambie mtu.